Geti la Mtaa wa Cordwain

Watu wa Mtaa wa Cordwain tunachukia magari ya watu wengine. Ya kwetu hatuna neno nayo. Mtaa ni mwembamba, nyumba za matofali mekundu zimebanana pande zote mbili. Zilijengwa enzi za viwanda vya viatu, wakati fundi alipokwenda kazini kwa miguu na hakuna aliyewaza kwamba siku moja kila mlango utakuwa na gari lake. Njia ya kuingilia ndiyo hiyo hiyo ya kutokea. Kule mtaa unakoishia kuna shule ya msingi, na nyumba ya mwisho kabla ya shule ni ya Des Tapsell. Ukuta wa ua wake ndio ukuta wa uwanja wa shule. Kengele ikilia, vikombe vya jikoni kwake vinaitikia.

Mimi naishi ng'ambo ya njia, mkabala naye. Kazi yangu ni mageti na uzio. Nilisoma katika shule hiyo hiyo, na baada ya hapo sikusoma sana kwingine. Kando ya geti la zamani matofali yana vishimo vya mviringo, kila kimoja kina cha kuingia ncha ya kidole. Vilichimbwa na watoto waliokuwa wakisubiri geti lifunguliwe, wakizungusha sarafu ya peni kwenye tofali, kizazi baada ya kizazi. Changu kipo. Cha Lorna, binti wa Des, kipo chini ya changu, maana alikuwa mfupi na aliendelea kuwa mfupi.

Lorna alikufa mwezi wa Novemba, alasiri, saa ile ambayo wazazi huja kuchukua watoto. Alikuwa na pumu tangu utotoni na siku hiyo ilimbana jikoni kwa baba yake. Des alipiga simu. Gari la wagonjwa lilifika upesi mpaka kichwa cha mtaa, pale pa kuingilia, likakwama pale pale. Magari yalikuwa yameegeshwa huku na huku, mengine yamepanda kando ya njia, yenyewe matupu, wenyewe wako getini wanangoja watoto watoke na michoro yao. Nilitoka nje nikawaona wahudumu wawili wakikimbia na mikoba mgongoni, king'ora bado kinalia nyuma yao. Walifika wakiwa wanahema. Walifanya walichoweza.

Baadaye daktari alimwambia Des kwamba labda hata wangefika mapema isingesaidia. Des hajawahi kulisahau neno hilo. Labda. Alilirudia mara nyingi tukiwa tumekaa kwenye ngazi zake, kama mtu anayeonja chakula asichojua kama kimeoza.

Lorna aliacha mtoto, Nell. Baba wa mtoto alishakwenda zake zamani na hatumtaji. Kwa hiyo Des, ambaye mke alishamzika, akaanza upya kufunga vifungo vya sweta na kuchana nywele za mtoto, na nyonga moja mbovu, na leseni ya gari amenyang'anywa kwa sababu ya macho. Alijitahidi. Nywele za Nell zilikaa kama kiota cha ndege lakini mtoto alikuwa ameshiba na anacheka. Kila asubuhi alipandishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa uani, anachungulia juu ya ukuta wanafunzi wakicheza.

"Ile shule yangu," alikuwa akiniambia.

"Bado," namjibu. "Kwanza ujue kufuta pua."

"Najua. Wewe hujui, Mjomba Trev. Babu kasema unafuta kwa mkono wa shati."

Huo ndio uliokuwa mpango wa Des, na hakuwa na mwingine. Nell akifikisha miaka minne ataingia darasa la awali pale pale ukutani. Babu atamvusha mlangoni, hatua chache, hata akiwa na mkongojo. Jioni atamsikia akitoka kabla hajamwona.

Sasa, upande wa pili wa shule, kulikokuwa na kiwanda kikubwa cha viatu na mashamba nyuma yake, walikuwa wamejenga Larkmead. Nyumba mpya mamia, kila moja na mlango wa rangi yake, na ndani yake wote vijana wenye watoto wadogo. Darasa la awali lilikuwa na nafasi thelathini tu, kwa sababu sheria hairuhusu mwalimu mmoja kuwa na watoto wa umri huo zaidi ya thelathini. Thelathini ilitosha tangu enzi za bibi yangu. Sasa kila mwaka watoto wa Larkmead walikuwa wanaachwa, wanapelekwa shule za ng'ambo ya mto, na wazazi wao wakaanza kuiandikia halmashauri, na halmashauri ikaamka. Wakasema wataongeza darasa la pili la awali, nafasi thelathini nyingine, na kila mwaka darasa moja juu yake mpaka shule yote iwe mara mbili. Jengo litakaa pembeni ya uwanja. Kabla ya kujenga, wakaita mkutano.

Tulikutana kwenye ukumbi wa shule. Viti vyenyewe vya watoto, magoti yetu yakagusana na videvu. Kulikuwa na chai kwenye birika kubwa na biskuti ambazo Bi Pruett wa nyumba ya katikati alizihesabu kabla ya kukaa. Watu wa Cordwain walikaa kushoto, watu wa Larkmead kulia, kama harusi ya koo zisizopatana. Mwalimu mkuu, Bi Oakeshott, mama mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, alikaa mbele pamoja na kijana wa halmashauri na kompyuta yake.

Wa kwetu walipinga. Sababu ilikuwa magari. Watoto mara mbili, magari mara mbili. Bi Pruett alisema watu wa Larkmead wana magari mawili na mtoto nusu, na hiyo nusu pia wanaipeleka shule kwa gari. Watu wakacheka upande wetu.

Akasimama mama mmoja wa Larkmead, mwembamba, bado amevaa sare ya hospitali. Alijitaja kuwa anaitwa Renuka. Alisema mtoto wake wa kiume anakaribia miaka mitatu. Shule anaiona kutoka dirishani kwake lakini geti liko huku kwetu, na kufika huku ni kuzunguka uwanja wote na barabara kuu juu yake, ndiyo maana wanakuja na magari. Hakuja kugombana na mtu. Anataka tu nafasi.

"Na pa kuegesha," mtu akasema nyuma, na kicheko kikarudi.

Hapo Des akasimama. Ilimchukua muda kuinuka kwenye kile kiti na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kila mtu wa upande wetu alijua, na wengi wa upande wa pili pia walijua, maana habari ya gari la wagonjwa ilikuwa imefika kote. Hakupandisha sauti. Des hapandishi sauti hata kwa mbwa.

"Jengeni," alisema. "Watoto lazima wasome. Sina ugomvi na watoto. Lakini geti lihame. Mlifunge hili la kwetu, mfungue huko kwao. Mtu wa mtaani kwetu akifa, afe kwa ugonjwa wake. Asife kwa sababu yenu."

Akakaa. Mle ukumbini ulikuwa ukisikia birika likitokota. Yule mama wa Larkmead alikuwa anatazama mikono yake.

Kijana wa halmashauri alisafisha koo, akabonyeza kompyuta, akasema inawezekana. Zaidi ya inawezekana, wataalamu wa barabara walishalipendekeza jambo hilo. Geti kuu jipya upande wa Larkmead, kwenye barabara pana, na la zamani lifungwe kabisa. Bi Oakeshott alimtazama Des na kuitikia kwa kichwa. Akauliza nani anapinga. Hakuna mkono. Ni mkutano pekee niliowahi kuhudhuria ambao watu wote walitoka wameridhika, na ningekuwa na akili hilo lingenitia wasiwasi.

Geti jipya nililitengeneza mimi. Pana, mabawa mawili, rangi ya kijani. La zamani waliniambia nilichomelee, nikalichomelea, nikaweka bamba la chuma nyuma yake ili watoto wasipitishe mikono. Halmashauri ikaleta na vibao, Mtaa wa Cordwain sasa ni kwa magari ya wakazi tu. Des alitoka nje akatazama nikifanya kazi, Nell amemshika mguu wa suruali. Cheche zilipokwisha alikuja akagonga chuma na fimbo yake.

"Limeshika?"

"Hata tembo hafungui."

"Vizuri," alisema, akarudi ndani.

Mwaka ule mtaa ulipata amani ambayo hatukuwa tumeijua. Saa ya watoto kutoka ilifika ikapita, na njia ikabaki tupu. Paka walilala katikati yake. Watu walimpelekea Des nyanya na maboga kutoka kwenye vishamba vyao. Bi Pruett, ambaye hampi mtu kitu, alimwokea keki ya tangawizi. Aliyapokea yote bila kusema mengi. Nafikiri kwake ilikuwa kama amemwekea Lorna jiwe la kaburi, na jiwe lenyewe lilikuwa ukimya wa saa tisa alasiri.

Majira ya baridi yalipofika ikawa zamu ya kumwombea Nell nafasi. Maombi hufanywa kwa kompyuta, na Des kompyuta haziamini, kwa hiyo alikuja kwetu na mke wangu Denise akamjazia. Halmashauri inaruhusu kutaja shule tatu kwa mpangilio. Des akataja moja.

Denise alimwambia aongeze. "Weka na nyingine, Des. Haigharimu kitu."

"Nyingine ya nini? Nyumba yangu imeegemea shule. Nikipiga chafya mwalimu ananiambia pole."

Palikuwa na sehemu ya kueleza kama mtoto au mlezi ana shida maalumu. Denise alimtajia nyonga, macho, na mambo mengine ambayo hakuyataja kwa majina. Des alikataa. Alisema hataomba huruma ili mtoto wake aingie shule iliyo nyuma ya ndoo yake. Denise akanitazama mimi. Mimi nikamwambia Des yuko sawa. Kwa kweli nilimwona yuko sawa. Hakuna mtu katika mji huu aliyekuwa karibu na shule kuliko yeye.

Majibu hutoka mwezi wa Aprili, siku moja kwa nchi nzima. Yalikuja kwenye kompyuta yetu asubuhi; mimi na Denise tulikuwa tumeomba ruhusa ya kuchelewa kazini. Nilikuwa navaa buti nikamsikia Denise akisema jina langu, si kwa sauti ya kuita. Nilikwenda nikasoma juu ya bega lake. Nell amepewa shule ya ng'ambo ya mto, ile iliyo nyuma ya soko la ng'ombe la zamani. Kwetu hakupata.

Tulivuka njia pamoja. Des alikuwa anampakia Nell siagi kwenye mkate. Denise alimweleza, na yeye akacheka, kicheko cha kweli kabisa.

"Wamekosea mtaa," alisema. "Kuna Cordwain nyingine huko kusini. Barua zangu huwa zinakwenda huko."

Akapiga simu halmashauri. Aliweka simu ile ya jikoni juu ya meza ili sote tusikie, kwa sababu masikio yake nayo si mazuri. Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya subira. Alieleza taratibu. Wanaanza na watoto wenye kaka na dada shuleni tayari. Halafu wanaobaki wanapangwa kwa umbali, aliye karibu zaidi kwanza, mpaka nafasi ziishe. Mwaka huu nafasi ni sitini na zote zimekwisha.

"Sawa," alisema Des. "Na mimi niko karibu zaidi. Nyumba yangu inagusana na shule."

"Umbali tunapima kwa mstari ulionyooka, bwana. Kutoka mlango wa nyumba mpaka geti kuu la shule."

Nilimwona Des akigeuka kutazama dirishani, juu ya ukuta, juu ya paa la shule ya zamani, juu ya uwanja mzima, mpaka kule mbali ambako ukijua pa kutazama unaona kitu cha kijani kidogo.

"Geti lipi?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Geti kuu. Liko upande wa Larkmead."

"Lilikuwa huku."

"Ndiyo, naona hapa lilihamishwa. Kwa maombi ya wakazi."

Alimshukuru. Des humshukuru kila mtu. Akakata simu, akamalizia kupaka siagi mpaka kwenye pembe za mkate kama Nell anavyotaka, akamkatia vipande vinne.

"Ile shule yangu?" Nell aliuliza, maana watoto husikia wasichoambiwa.

"Kula," alisema babu yake.

Nilimwambia Des nina mashine yangu ya kukatia nyuma ya gari. Nilisema ni kazi ya nusu saa. Nilisema kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kusema.

"Ukishalikata," aliniuliza, "watapima upya?"

"Hapana."

"Basi liache. Umelichomelea vizuri."

Haikuwa Nell peke yake. Watoto watatu wengine wa mtaa wetu waliachwa mwaka ule, lakini wao wana wazazi wenye magari na miguu, na mmoja alishakuwa anataka shule ya kanisa. Kwa Des lilikuwa jambo jingine. Shule ile ya ng'ambo ya mto haifiki maili mbili kwa miguu, na mtoto mdogo hapewi usafiri wa bure mpaka zivuke mbili. Kwa basi ni kupanda mabasi mawili, na katikati kushuka kilima kwa miguu. Des mwenyewe kwenda dukani ilikuwa safari ya kupumzika mara mbili ukutani. Mimi naondoka alfajiri kwenda kazini, kila wiki mji mwingine. Denise yuko kiwanda cha mikate zamu ya asubuhi na haendeshi. Ikiwa hawezi kumfikisha mtoto shule kila siku, watu wa halmashauri wataanza kuuliza kama anaweza kumlea. Hilo hakulisema, ila nilimwona siku moja akijaribu kutembea mpaka daraja la mto, kupima. Alirudi na teksi. Siku mbili hakutoka.

Akakata rufaa. Nilichukua ruhusa nikampeleka. Wajumbe walikuwa watatu, wazee wenzake karibu, na nitasema ukweli, walikuwa wema. Walimpa kiti kirefu. Mwakilishi wa halmashauri alieleza kwamba madarasa yote mawili yamejaa thelathini thelathini, na sheria ya thelathini haina mlango wa nyuma. Rufaa inaweza kushinda tu kama mtu alikosea katika kupanga. Hakuna aliyekosea. Vipimo vilikuwa sahihi. Kanuni ilitangazwa kwa muda wake na yeyote angeweza kuisoma.

Mwenyekiti, bibi mmoja mwenye miwani ya kamba, alimgeukia Des. Akamwuliza kama kuna jambo lolote angependa wajue, kuhusu familia, kuhusu hali iliyofanya geti lihamishwe. Aliuliza polepole. Nafikiri alikuwa amesikia. Nafikiri alikuwa anamfungulia njia, hata kama njia yenyewe haikuwa na mahali pa kufika.

Nilingoja amtaje Lorna. Mimi ningemtaja. Ningemtaja mpaka walie.

"Hapana," Des alisema.

Kwenye gari nilimwuliza kwa nini, na nilimwuliza vibaya, kwa hasira. Alikuwa ameweka fimbo katikati ya magoti.

"Nilishamtumia mara moja, kule ukumbini," alijibu.

Rufaa ilikataliwa kwa barua yenye maneno mazuri. Nell akawekwa wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri, maana yake mtoto mmoja wa Larkmead akihama, yeye ataingia. Bi Pruett alisema ataomba Mungu familia moja ihame. Des alimwambia asiombe hivyo.

Mwezi wa Agosti, jioni moja yenye mwanga bado, nilikuwa nje napaka rangi fremu ya dirisha, nikamwona mwanamke anakuja kwa miguu katikati ya mtaa akisoma namba za milango. Alikuwa na sare ya hospitali. Nilimkumbuka nilipomwona mikono, jinsi alivyoikunja. Alisimama kwa Des, akagonga. Des alifungua, akamtazama, hakumkaribisha wala hakufunga. Mtaa wetu ni mwembamba. Nilikuwa nasikia kila neno na sikuona sababu ya kuingia ndani.

Renuka alisema mwanawe amepata nafasi, darasa lile jipya. Alisema amesikia habari za Nell hospitalini, kwa mama mmoja anayefanya naye kazi. Hospitali iko ng'ambo ya mto, karibu na soko la ng'ombe la zamani. Anapita mlango wa shule ile kila asubuhi akienda kazini na kila alasiri akirudi. Mume wake ndiye atakayekuwa anampeleka mtoto wao kwa miguu. Kiti cha nyuma kiko tupu.

Yule mama akavuta pumzi.

"Kuna jambo lazima nikwambie kwanza, mzee. Siku ile. Nilikuwa nimekuja kumchukua mtoto wa dada yangu. Niliegesha hapa mtaani kwenu. Sijui kama ni gari langu. Nimejiuliza sana na sijui."

Brashi yangu ilikuwa inadondosha rangi kwenye buti na niliiacha idondoke. Des alikuwa amejishikilia kwenye mwimo wa mlango. Alimtazama yule mama muda mrefu, na kwa uso wake sikuweza kujua anakwenda wapi. Nell alikuwa ameshachomoza katikati ya miguu yake, mdomo umejaa jamu.

"Wote mliegesha," Des alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Huyu anatapika ndani ya gari kama madirisha yamefungwa."

"Nitayafungua."

"Saa mbili asubuhi. Usichelewe, hapendi kuingia wengine wameshakaa."

Hakumpa mkono. Lakini alikaa mlangoni akimtazama mpaka alipokata kona, na Des kwa kawaida hufunga mlango mtu akiwa bado anaaga.

Siku ya kwanza ya shule ilikuwa Jumatano. Nilichelewa kazini makusudi. Nell alitoka na sweta ya rangi isiyokuwa ya shule yetu, kubwa mpaka inafunika vidole, nywele zimesukwa na Denise usiku uliotangulia, kwa mara ya kwanza zimenyooka. Kabla gari halijafika alikimbia mpaka kwenye lile geti nililolichomelea, akatia kidole kwenye kishimo cha mama yake. Babu yake alishamwonyesha ni kipi. Akakizungusha kidogo, kama watoto wanavyofanya, ingawa hakuwa na sarafu.

Renuka alifika kwa wakati. Hapakuwa na nafasi ya kuegesha, kwa hiyo alisimama katikati ya njia mbele ya mlango wa Des, mtaa wote ukaziba. Bi Pruett akatoka kwake na gauni la kulalia akionyesha kile kibao. Alisema huu ni mtaa wa wakazi, kwamba tulipigania hili, na kwamba mtu fulani alikufa hapa kwa tabia hii hii.

Des alikuwa anamfunga Nell mkanda kwenye kiti. Alijitoa ndani ya gari pole pole, nyonga kwanza, kichwa mwisho.

"Mwache, Bi Pruett," alisema. "Nimemwita mimi."

Bi Pruett akashusha mkono. Gari likarudi nyuma taratibu mpaka kichwa cha mtaa, maana hakuna pa kugeuzia, na Nell alikuwa anapunga mkono kwa dirisha lililo wazi. Des alipunga mpaka lilipopotea, na bila shaka macho yake yalikuwa yameshalipoteza zamani.

Halafu kengele ililia nyuma ya ukuta, na watoto sitini wa darasa la awali, ambao hatuwajui majina, wakaanza kupiga kelele uwanjani. Tulisimama tukiwasikiliza. Niliona ile ndoo bado imepinduliwa uani, kupitia mlango uliokuwa wazi. Nilimwuliza kama anataka niiondoe.

"Iache," alisema. "Saa tisa atarudi. Atataka kuwaona wakitoka."